Kauli ya Sita ya Gari la Baba

Jumatano, tarehe 9 Aprili 1997. Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikakatika saa mbili, ikarudi saa tano na haikuondoka tena. Chini ya tarehe hiyo, katika daftari la gari, nimeandika: oili sawa, maji ya rejeta sawa, mkanda wa feni sawa, betri nimeongeza maji chumba cha tatu, breki sawa, matairi sawa.

Mwandiko ni wangu. Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi nikitafuta mahali nilipoandika uongo, na sijapaona. Kila nilichokiandika nilikigusa kwa mkono au nilikiona kwa macho yangu. Habari hii nikiisimulia kwa mdomo watu hucheka nikifika penye sauti, halafu hawasikilizi kilichobaki, kwa hiyo nimeona niiandike. Mie nimeishia darasa la saba. Nikikosea mpangilio nitarudi nyuma kusahihisha.

Gari lilikuwa la baba. Miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa kupaka winchi grisi bandarini, na walipopunguzwa kazi alirudi nyumbani Mbagala na kiinua mgongo chake. Majirani walimshauri afungue duka, wengine wakasema mashine ya kusaga. Yeye akanunua gari, wala si la biashara. Walisema mzee amechanganyikiwa. Sie wa nyumbani tulijua sababu, ila hatukuitaja mbele ya wifi yangu, mke wa kaka. Mwaka mmoja kabla, wifi alishikwa na uchungu mchana, tukakosa gari mtaa mzima. Tulimpeleka kwa mkokoteni wa madumu ya maji mpaka barabara ya lami, kaka akivuta mbele, baba akisukuma nyuma. Mtoto alizaliwa hospitali, lakini hakulia. Baba hakulizungumzia jambo hilo hata mara moja. Siku gari lilipofika uani alizunguka akifunga milango yote minne, kisha akamwambia kaka, "Sasa hata akishikwa saa hii, tunaondoka."

Lilikuwa gari jeupe la Kijapani, lililopitia Dubai, na lilikuwa zee. Namba ya kilometa ilisema elfu sitini na kidogo. Baba aliinama akashika mpira wa pedali ya breki, umelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana. Akapapasa usukani, umelainika kama mpini wa jembe lililorithiwa. Akakalia kiti cha dereva, kikadidimia.

"Andika," akaniambia. "Namba ya kilometa ni ya uongo. Gari hili limetembea kuliko mimi."

Niliandika mie kwa sababu mikono yake siku zote ilikuwa na grisi na hakutaka kuchafua daftari. Tangu siku hiyo nikawa karani wake. Alikuwa na utaratibu aliotoka nao bandarini. Winchi, alisema, haingojwi iharibike, maana siku ikiharibika kuna mtu yuko chini yake. Kila asubuhi gari liwashwe dakika kumi hata kama haliendi popote. Mkanda wa feni ubonyezwe kwa dole gumba; ukizama zaidi ya nusu ya dole, ukazwe. Mipira ya maji ikibanwa ikalia, ibadilishwe kabla haijapasuka. Ndani ya kopo la maziwa alikuwa na plagi nne mpya, mkanda wa akiba, na vipande vya waya. Yeye alitaja, mie niliandika, tena alinitaka nisome kwa sauti nilichoandika, halafu ndipo aseme, "Haya, endelea."

Sasa nifike penye sauti.

Siku ya kwanza ile alipofungua mlango ufunguo ukiwa bado kwenye swichi, mwanamke alisema ndani ya gari. Alisema taratibu, kwa adabu, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Watoto wa mtaa waliokuwa wamelizunguka gari walikimbia wote, mmoja akaacha kandambili. Baba hakukimbia. Aliufunga mlango, akaufungua tena. Mwanamke akarudia maneno yaleyale.

"Anatoa taarifa," baba akasema.

Jioni nzima aliacha hiki na kufungua kile, na mie nikaandika nyuma ya daftari maneno kama nilivyoyasikia, na mbele yake maana yake. Mlango wa kulia uko wazi. Mlango wa kushoto uko wazi. Taa hazijazimwa. Hendibreki haijashushwa. Ufunguo umeachwa. Kauli zilikuwa tano na tukaridhika kwamba zimekwisha.

"Maneno matano tu," baba alisema akifuta mikono. "Mwanamke gani ana maneno matano?"

Mama akajibu akiwa jikoni, "Mwoe basi, upumzike."

Tulimzoea. Wifi peke yake hakumzoea. Akipanda alikuwa anafunga mlango haraka ili asimsikie, na akisikia alijishika tumbo, ingawa wakati huo lilikuwa tumbo tupu. Nilidhani ni woga tu wa mtu aliyepata msiba, na labda nilimdharau kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Baba alifariki siku tatu baada ya Idi. Alilala mchana baada ya adhuhuri na hakuamka kwa alasiri. Wifi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama aliingia eda, akakaa chumbani kwake, dirisha likitazama uani ambako gari lilisimama. Dada yake baba, shangazi yetu, alikuja kutoka Kilwa kukaa naye. Kaka alichukua ufunguo. Leseni yake ilikuwa mpya, hata karatasi haijakunjika, na barabarani aliendesha huku anasogeza midomo kama anayesoma dua.

"Tutafanya kila kitu kama kilivyoandikwa," aliniambia. "Tusiongeze, tusipunguze. Mwezi wa nne huo unakuja."

Mwezi wa nne ndio wifi alikuwa anajifungua. Sote tulikuwa tunaishi kuelekea huko. Kila asubuhi kaka aliwasha gari dakika kumi, mie nikapima oili na maji, nikabonyeza mkanda, nikaandika. Nilihisi baba yuko nyuma ya bega langu anangoja nisome kwa sauti. Basi nilikuwa nasoma kwa sauti, peke yangu, mbele ya boneti iliyo wazi.

Jambo la kwanza kutushangaza lilikuwa jambo zuri. Gari halikuwa likinywa petroli. Kaka alikwenda nalo makaburini na kurudi, alikwenda nalo sokoni, alilipakia mchele na masufuria ya arobaini, na mshale wa mafuta ulibaki palepale, juu kidogo ya nusu.

"Gari la mzee lina baraka," kaka akasema.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. "Kisichokula si cha dunia hii," akasema.

"Shangazi naye."

"Mie nimesema tu. Nyie si ndio mnaolipanda?"

Tulicheka. Lakini asubuhi iliyofuata, kaka alipowasha, nilijikuta nautazama ule mshale kuliko nilivyotazama oili. Ulikuwa umetulia mno. Vitu vingine vyote ndani ya gari vilitetemeka injini ikiwaka, hata tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo. Mshale haukutetemeka. Nikageuza uso.

Baada ya arobaini, siku mbili au tatu, sikumbuki vizuri, gari lilikuwa limewaka kama dakika moja na kaka amekaa ndani akisikiliza injini. Milango ilikuwa imefungwa. Sauti ikasema. Ilisema maneno mengine.

Kaka akazima. Alinitazama kupitia kioo. Nilifungua daftari ukurasa wa nyuma, nikasoma kauli tano zote kwa kidole. Haikuwamo.

"Washa tena," nikamwambia.

Aliwasha. Tulingoja. Kuku waliokuwa wanaparura chini ya mwembe wa jirani walinyamaza, au labda nilinyamaza mie ndani ya kichwa changu, sijui. Ikasema tena, maneno yaleyale mapya. Niliyaandika kama nilivyoyasikia: *nenyo ga sukunaku*, na mkia ambao sikuuwahi. Mbele yake nikaacha wazi, sikuandika maana.

Kaka alishuka, akakagua. Taa zimezimwa. Hendibreki iko chini. Milango imefungwa, buti limefungwa. Aliinua hata zulia la miguuni. Gari lilikuwa na miaka karibu miwili kwetu na lilikuwa halijawahi kutamka maneno hayo baba akiwa hai.

Kila asubuhi sasa ilikuwa hivyo. Tena kila asubuhi sauti ilizidi kuwa nzito. Ilianza kuvuta maneno, ikashuka, ikawa kama mtu anayesema akiwa kwenye usingizi, na wiki ilipokwisha haikuwa tena ya mwanamke. Ilikuwa ya mwanamume mzee aliyechoka. Maneno yalikuwa yaleyale, nikiyafuata kwenye daftari yalilingana, ila yalitoka mbali, chini.

Siku ya kwanza ilipotoka hivyo, dirisha la mama lilifunguka kidogo nyuma ya pazia.

"Naam," mama akaitika.

Kaka alizima gari kwa haraka mpaka likaruka. Nilikwenda dirishani.

"Mama, umemwitika nani?"

"Baba yako," akasema, kama anayeniambia habari ya kawaida. "Ndivyo alivyokuwa ananiita akiamshwa usingizini. Polepole hivyo. Mliwashe tena, hakumaliza."

Sijui niandikeje hofu niliyoipata. Jua lilikuwa limetoka, ua umeng'aa kwa maji ya mvua, mtu anauza vitumbua nje ya uzio, na mama yangu yuko nyuma ya pazia la eda ananiomba nimwashie baba. Hatukuwasha. Siku hiyo mama hakula mchana. Kesho yake kaka alipowasha, kwa sababu daftari lilisema liwashwe, mama alikuwa tayari dirishani. Sauti ilisema, naye akaitika "Naam," akanyamaza, akaitika tena. Baada ya hapo ndipo alipokubali kunywa chai.

Shangazi alifukiza ubani ndani ya gari, akasoma Yasini mlango ukiwa wazi, na kauli ya mlango wazi ikawa inamwingilia kila aya. Hakujali. Alipika mkate wa kumimina akaugawa kwa watoto wa madrasa kuwa sadaka. Kaka alimcheka kwa siri, lakini mie lazima niseme haki. Shangazi alituambia jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelisema.

"Huyu anaomba," alisema. "Achaneni na maneno, sikilizeni inavyotoka. Mtu anayetisha hasemi hivyo. Huyu anataka kitu na hajapewa."

"Anataka nini?" kaka akauliza.

"Mie nitajuaje? Muulizeni mwenye daftari."

Wote walinitazama. Nililifunga daftari.

Aliyeamua mambo ni wifi. Alikuwa ameingia mwezi wake, miguu imevimba, anatembea ameshika ukuta. Alisimama mlangoni mwa chumba chao akamwambia kaka, si kwa ukali, "Mie humo siingii. Ni afadhali huo mkokoteni. Yule wa kwanza mlimsukuma kwa mkokoteni akafa. Huyu sitampeleka hospitali kwenye mdomo wa maiti."

Kaka alimwita fundi siku ya Jumamosi, saa sita mchana. Alikuwa kijana wa gereji ya barabarani, mwenye mikono mizuri, baba alimwamini. Shangazi alifunga dirisha la mama kwa sababu ya eda, kisha akaja kusimama nasi. Fundi alilala chali chini ya dashibodi akatoka na kisanduku cheusi kadiri ya kipande cha sabuni. Alikifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kisahani cheupe cha plastiki, kidogo kuliko kiganja, kimejaa mistari myembamba.

"Santuri hii," fundi akasema. "Mnaona mistari? Huyu mama alisemeshwa huko kwao, sijui mwaka gani, wakayachonga maneno yake humu. Saa hizi ni bibi kizee, au labda alishakufa, ila kazi bado anafanya."

"Kwa hiyo unakiri ni maiti," shangazi akasema.

"Shangazi, mie nimesema labda."

"Labda yako imenitosha."

"Na mbona imekuwa sauti ya kiume?" kaka akauliza.

"Kuna mpira mdogo unaokizungusha, umelegea. Umri, braza. Ungekuwa na mpira mwingine wa saizi hii ningebadilisha, akarudi binti. Sina. Duka lolote mjini hutaupata."

Nikauliza, "Na kama anasema neno la maana?"

Fundi hakunidharau, hilo namshuhudia. Aliingia ndani akakagua yote upya, mlango mmoja mmoja. Alipima oili, alifungua rejeta, aliikanyaga breki. Aliitazama dashibodi, mie nikiwa nimeinama begani kwake. Mshale wa mafuta ulikuwa juu kidogo ya nusu. Wote wawili tuliuona.

"Kimebaki nini, dada?" akaniuliza.

Nilipitisha kidole kwenye daftari mpaka chini. Akakata waya, akaufunga kwa gundi ya umeme, akakirudisha kisanduku mahali pake. Niliandika: Jumamosi, sauti imekatwa. Kaka aliliwasha gari na likawaka vizuri, kimya. Wifi alitoka akakaa kiti cha nyuma kwa kujaribu, akaegemea, akafumba macho. "Hapa sawa," akasema. Nilifurahi kumwona vile. Mama alikaa dirishani siku nne zilizofuata, gari likiunguruma bila neno, na hakuuliza lolote. Hilo lilinitisha kuliko alipokuwa anaitika.

Jumatano ile wifi alishikwa saa nane mchana. Maji yalimtoka akiwa anasuka ukili, akasema tu, "Tayari." Tulikuwa tumejiandaa kiasi kwamba hakuna aliyepaza sauti. Shangazi alikaa naye nyuma, mie mbele na daftari mapajani, kaka akasogeza midomo yake. Gari likawaka mara moja. Tulipotoka kwenye matope ya mtaani tukaingia lami ya barabara ya Kilwa, kaka alinitazama akatabasamu, na najua wote wawili tulikuwa tunamwona baba.

Tulipokaribia daraja la Mtoni injini ilikohoa. Ilikohoa tena, gari likaenda kwa kujisukuma lenyewe kama hatua hamsini, likasimama pembeni mwa barabara na mvua ikawa inasikika ghafla juu ya bati.

Kaka alipiga swichi. Iliitika, haikuwaka. Alifungua boneti. "Soma," akaniambia.

Nilisimama kwenye mvua nimejitanda khanga juu ya daftari, nikasoma.

"Oili."

Akachomoa kijiti. "Ipo."

"Maji ya rejeta."

"Yapo."

"Mkanda wa feni."

"Umekaza."

"Vichwa vya betri."

Akavitikisa. "Vimeshika."

"Plagi."

Alitoa moja baada ya nyingine, mikono ikiteleza, akaweka nne mpya za kwenye kopo la maziwa. Akajaribu. Kitu kile kile. Nilisoma ukurasa mzima, nikaanza juu tena. Kila nilichokitaja kilikuwa kizima. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa uzima wa lile gari. Ndani wifi alikuwa ameng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mnasoma nini nyie?" alikuwa akisema. "Mnasoma nini?"

Sijui tulikaa pale muda gani. Kaka anasema robo saa. Kwangu ilikuwa zaidi, lakini saa alikuwa nayo yeye. Magari yalipita yakituchapa maji. Kisha lori lililotoka Kurasini na kontena, likielekea kusini, lilipunguza mwendo likasimama mbele yetu. Dereva alishuka, mtu mzima, amejifunika gunia la nailoni kichwani. Alichungulia nyuma akamwona wifi. Alizunguka, akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha sikio.

"Litingisheni," akasema.

Mie na kaka tulilitingisha. Yeye alisikiliza.

"Hamna kitu humu. Pakavu kabisa."

"Haiwezekani, mzee," kaka akasema. "Mshale uko juu ya nusu."

"Tangu lini?"

Nilikuwa namtazama kaka, na niliona anahesabu: makaburini, sokoni, arobaini, dakika kumi za kila asubuhi. Aliingia ndani akaugonga ule mshale kwa kidole kupitia kioo. Haukusogea. Ulikuwa umekufa, sijui toka siku ile ile ya msiba au kabla yake. Na mie nilijua hapo hapo, maji yakinitiririka usoni, maana ya maneno niliyoyaacha bila maana: petroli inakwisha, na sauti iliipima bila kuutegemea mshale. Tafsiri yake neno kwa neno sijaipata mpaka leo. Sijaihitaji.

Dereva alituambia tuache kusimama kama magogo. Tulimbeba wifi mpaka kwenye kichwa cha lori, shangazi akapanda nyuma yake, nami nikabanwa mlangoni. Kaka alibaki na gari. Kuligeuza lori lile pale barabarani kulichukua muda mrefu, magari yakipiga honi pande zote mbili, na dereva alikuwa anasema kila mara, "Mama, usisukume. Bado. Subiri nipinde." Shangazi alimshika wifi kichwa. Hakumlaumu mtu yeyote, alisoma tu chini kwa chini. Wifi alinitazama mara moja njia nzima, akaangalia mikononi mwangu, na ndipo nilipogundua kuwa bado nimelishika daftari.

Walimpokea mlangoni mwa wodi. Hawakuwahi hata kumfikisha kitandani, walimlaza kwenye machela ya ukumbini na kuvuta pazia. Mie na shangazi tulisimama upande wetu wa pazia. Kukawa kimya. Nilikuwa naujua ukimya ule, nilishausikia mara moja katika hospitali hiyo hiyo, na shangazi, ambaye hakuwapo mara ile, alinishika mkono kama aliyekuwapo. Kisha nesi akasema neno, kikapigwa kibao, na mtoto akalia. Alilia kwa hasira, hakunyamaza upesi. Wa kiume.

Waliponiruhusu kuingia wifi alikuwa amemlaza kifuani. Nilimpongeza. Akaitikia vizuri. Halafu akasema, "Wifi, hilo daftari liweke mbali na mie." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeomba dirisha lifungwe. Nililitia chini ya khanga. Alikuwa na haki.

Nilirudi nyumbani na shangazi kabla ya magharibi. Kaka alikuwa ameshalileta gari, amenunua petroli kwa dumu, amekaa kwenye kizingiti na nguo zilezile mbichi. Niliingia chumbani kwa mama kumpa habari. Alishukuru, akafuta macho, akataka nimweleze gari lilikuwa na nini. Nilimweleza.

"Lakini si kila Ijumaa alikuwa anajaza?" akasema. "Akitoka msikitini alipita kituoni, akija hapa ananuka petroli, nikawa namwambia avue shati nje. Kila Ijumaa, hata lilipokuwa halijatoka wiki nzima. Kwani hukuliandika?"

"Hakunitajia, mama."

"Hakukutajia," akarudia. Akafikiri. "Ndiyo. Nani huandika kwamba mtu amekula?"

Nilitaka kumwambia kwamba ningemuuliza, kwamba karani mzuri angeuliza. Sikumwambia, kwa sababu sina hakika kama ningemuuliza. Alichokitaja niliandika, na niliona fahari kuandika vizuri. Kaka alifuata nilichoandika, fundi alitazama alichotakiwa kutazama. Nikiwapanga wote na kuwapima naishia kwangu, halafu nikijipima tena naona sikufanya kosa lolote ambalo naweza kulishika mkononi, na hapo ndipo usingizi unaponiruka.

Mama alikuwa ameligeuzia uso dirisha. "Kumbe alikuwa anaomba," akasema. "Mie naitika tu."

Sikujua anamsema baba au gari. Shangazi aliwasha taa ya chemli kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, akaingia jikoni. Kwa wifi tulipika uji wa pilipili manga, mzito, na kaka akautia kwenye chupa ya chai, akaupeleka hospitali kwa miguu, chupa kifuani chini ya koti, gari akaliacha uani. Sie tuliobaki tulikula muhogo wa nazi na kipande cha papa mkavu.